Waya wa Dirishani Siku ya Jina

Mogogosiek,
Jumapili jioni.

Kwa dada yangu Wangari,

Habari za Ol Kalou na hiyo baridi yenu? Mgongo wako umepata nafuu, ama bado unajibebea magunia ya viazi kana kwamba sokoni hakuna vijana? Mimi niko. Kidonda cha operesheni kinakauka, ingawa nikicheka kinauma na nikikohoa kinauma zaidi. Mtoto ananyonya kama ameajiriwa. Dada yake Chelangat anamwonea wivu, jana aliniuliza tutamrudisha hospitali lini.

Barua hii nimeituma na ofisi ya vifurushi ifike dukani kwako. Isome hapo hapo dukani, usiibebe nyumbani. Najua utasema mbona sikupiga simu kama watu wengine. Wangari, wewe ukipokea simu ploti nzima inasikiliza, na mama ana masikio.

Wajua vile mama alivyomngojea huyu mtoto. Tangu presha ya macho ilipochukua jicho la kulia, akabaki na hili la kushoto ambalo daktari alisema nalo linaenda polepole, amekuwa akiniambia neno moja tu: "Ukizaa msichana, nataka nijione kabla hili nalo halijaenda." Ajione. Kwa sababu Chelangat alichukua jina la mamake Kiprono kama kwetu inavyotakiwa, na huyu wa pili ni Nyambura, ni mama mwenyewe. Yeye hawezi safari na mimi nimeshonwa tumbo, ndiyo tukapanga ile mambo ya kompyuta, wewe uunganishe na televisheni yako kubwa ili aone vizuri, sisi tutumie laptop ya Kiprono. Mkakaa pale mkitazama kioo cheusi, na najua ulikuwa unanitusi kimoyomoyo. Ngoja basi nikwambie upande wetu kulikuwa na nini.

Mamake Kiprono, ambaye sisi wote hapa tunamwita Kogo, yaani nyanya, hakukataa jina la Nyambura. Alisema, "Jina la kwenu ni sawa. Lakini kwanza tujue ni nani wetu amerudi." Huku mtoto akizaliwa, wamama wazee wanaingia chumbani na mzazi, wanaita majina ya watu wa ukoo waliokufa, hili, halafu lile, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililomtoa chafya ndilo la yule aliyerudi. Wanaita kurenet. Mwanaume haingii, hachungulii, hata awe ni baba ya mtoto. Kanisani Kogo ni wa kwaya, na pasta akimuuliza atakana mchana peupe, lakini hakuna mjukuu wake aliyewahi kuikosa.

Mimi sikupinga. Niliomba tu mama naye aone. Kogo akafikiria, akasema, "Mamako si mwanamke? Aingie." Aingie kwa kompyuta, ndivyo alivyomaanisha. Wangari, nilifurahi mpaka nikalia.

Kitu ambacho hakuna mtu alifikiria ni fundi. Kiprono ndiye anafundisha kompyuta pale sekondari, na ndiye aliyetuwekea hii intaneti, kisahani juu ya paa, waya ukashuka ukutani, ukapitia dirisha la chumba chetu mpaka kwa rauta kando ya kitanda. Huku bondeni simu haishiki mtandao wowote, lazima upande juu kwenye kituo cha kupimia majani chai. Kwa hivyo kila kitu kilikuwa ndani ya kile chumba, na anayekijua alikuwa nje.

Asubuhi alitayarisha vizuri. Wewe nilikuona, ukanipungia mkono na kile kijiko cha uji, ukasema mama anavaa. Halafu wamama wakafika na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuganda, na ugoro wao, Kiprono akatolewa kama kuku. Kogo akatazama chumba, akasema, "Hii dirisha ifungwe kabisa." Akaivuta ile chuma mpaka ikalia, akashusha na pazia. Kugeuka nikuangalie, hamko.

"Kiprono!"

"Naam!" Yuko nyuma ya ukuta, katikati ya majani chai.

"Imekataa!"

"Imekataa aje?"

Sasa mimi nitamwambia imekataa aje? Mimi kazi yangu ni kushona sare za shule. Akaniuliza naona nini pale chini kulia. Nikamwambia naona saa. "Kando ya saa!" Nikamwambia kuna kadunia kamepigwa msalaba.

Akasema nizime waifai niwashe tena. Nikazima, nikawasha. Akasema niiambie kompyuta isahau huo mtandao, kisha niingie upya na paswadi. Nikauliza paswadi ni gani. Nikauliza tena kwa sauti, maana nilidhani hajasikia. Ndipo baba wa watu akapaza sauti ukutani, "Ni wanjikuwangu! Yote pamoja!" Wamama wakaangua kicheko, na wachumaji wa shamba jirani nao nikawasikia. Mimi nimeshika tumbo, nyuzi zinaniuma, nacheka na kulia. Kadunia kakabaki na msalaba wake.

Akasema niizime kompyuta yote niiwashe. Hapo ndipo nilimaliza mambo. Ilipowaka ikaleta maandishi kwamba inajirekebisha, nisiizime, na kale kaduara kakaanza kuzunguka. Woi! Kanazunguka tu. Nikamwambia Kiprono, nikamsikia akipiga ukuta kwa kiganja, akasema pole pole, "Sasa hiyo tungoje." Tungoje aje na wamama wako hapa? Nikamwomba Kogo wasubiri kidogo. Kusema haki walisubiri. Wakanywa mursik, wakasema habari za bonasi ya majani chai, wakasema habari za mke wa chifu. Lakini mtoto akaamka, na Kogo akaniambia bila ubaya, "Mtoto ndiye saa yetu. Hii mashine hatuijui."

Kompyuta ikarudi, kadunia kako vilevile. Kiprono akaniambia niangalie taa za rauta. Nikamwambia zote ni kijani isipokuwa moja nyekundu. "Ile yenye alama gani?" Nikamwelezea. Akasema, "Basi shida si ya ndani. Ni sahani." Kabla sijamjibu nikasikia ngazi, kisha miguu juu ya mabati, moja kwa moja juu ya vichwa vyetu.

Wangari, kelele iliyotoka kwa wale wamama! Mwanaume, tena baba ya mtoto, anatembea juu ya mzazi wakati wa kurenet! Kogo akagonga dari na ufagio, akamwambia kwa Kikipsigis maneno ambayo sitaandika. Kiprono akateremka mbio, nikasikia hata ngazi imeanguka. Akasema dirishani, sauti imekuwa ndogo kama ya mtoto wa shule, "Sahani iko sawa, Wanjiku. Sijui tena. Wacha nipande kituoni nimpigie Wangari." Akaenda zake, nikabaki na kompyuta kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine.

Wakaanza kuita. Nilitaka kuwaambia waache, mamangu hajafika, mamangu haoni kesho wala kesho kutwa, hii ndiyo siku yake. Lakini ningesema nini? Wao wana wafu wao wanawangoja, mimi nina mzima. Nilikuwa nabonyeza tu, nabonyeza hata vitu nisivyovijua. Walipomtaja shangazi mmoja wa baba mkwe, Taprandich, ambaye wanasema alikuwa mkali na mkono wazi, mtoto akakunja uso, akapiga chafya. Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Nikalia. Wakanipangusa machozi wakidhani ni ya furaha, na mimi nikawaacha wadhani.

Ilipokwisha Kogo akasema kuna joto, akavuta pazia, akasukuma dirisha. Ile taa nyekundu ikageuka kijani.

Ndiyo, waya. Ulikuwa umebanwa na chuma ya dirisha muda wote huo. Kiprono alikuja kuniambia baadaye kwamba pale nje ulionekana mzima, umepita tu ukutani kama siku zote. Sina wa kulaumu. Kogo alifunga dirisha kama mamake alivyofunga, na kama mamake mamake alivyofunga, na hakuna kati yao aliyekuwa na waya.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo ulikuwa haupo. Ulikuwa umetoka nje kwa lango kuzungumza na Kiprono kwa simu, na simu ya video uliiacha wazi kwa televisheni. Mimi nikaingia. Nikamwona mama peke yake kwenye kiti, amefunga kile kilemba cheupe cha kanisani. Nikaita, "Mama?" Akashtuka, akatabasamu, akasogea mbele. Akasema, "Aai, Wanjiku! Huyo namwona! Ngai, si ni mimi mtupu! Paji la uso ni langu, na nywele hizo!"

Wangari, kamera yangu ilikuwa imezimwa. Kiprono alikuwa ameniambia niizime kupunguza mzigo wa intaneti, na katika kubonyeza kwangu nilisahau kuiwasha. Kwenye televisheni yako hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na giza na herufi ya kwanza ya jina langu.

Nilifikiri labda ni furaha imemchanganya. Nikawasha kamera. Nikamsogeza mtoto mpaka pua yake karibu iguse kioo, sikusema kitu, nikangoja. Mama hakubadilika. Aliendelea kutabasamu, na uso wake haukuwa umeelekea televisheni. Ulikuwa umeelekea ile spika yako uliyoweka juu ya kabati, sauti yangu inakotokea. Akaniuliza, "Mbona umenyamaza? Umechoka?" Nikasema ndiyo mama, nimechoka. Kisha ukarudi ukapiga kelele kumwona mtoto, naye akakwambia, "Mimi nimeshamwona kitambo, wewe ulikuwa wapi?" Ukacheka. Nawe ukanicheka mimi kwamba nalia.

Hilo jicho limekwenda, dada. Sijui tangu lini. Fikiria vile amekuwa akitembea kwa kushika ukuta akisema ni miguu. Fikiria vile anakataa kuchagua maharagwe akisema yamemchosha. Unakaa naye nyumba moja na amekuficha, kwa sababu anakujua, ungenipigia simu siku hiyo hiyo, na mimi ningezaa nikiwa na huo mzigo. Amenificha mpaka nijifungue. Sasa nimejifungua, na bado ananificha.

Nifanye nini? Nikikwambia umpeleke kliniki, atajua mimi ndiye nimesema, na atajua ni kwa nini. Nikinyamaza, labda kuna dawa ambayo ingesaidia na tunaipoteza. Nakaa hapa nanyonyesha, nawaza, sifiki popote. Wewe ndiwe mkubwa. Mwangalie kwanza bila kumwambia, umsogezee kikombe mahali ambapo hajazoea. Halafu uniandikie, tafadhali, usipige.

Msalimie shemeji, mwambie ile koti yake nimemaliza kuishona kabla ya kwenda hospitali. Wasalimie wanao, na shangazi Njoki anayempeleka mama kanisani, naye muulize taratibu kama ameona kitu. Kogo anawasalimu, anasema mamako alibahatika kuona mtoto akiwa bado wa moto.

Intaneti iko sawa kabisa sasa. Kiprono amehamisha waya, ameutobolea shimo lake ukutani, na kila jioni anakuja na laptop akiniambia, twende, tumpigie nyanya wa Ol Kalou amwone mtoto tena. Namwambia bado, mtoto amelala.

Ukifika nyumbani leo, mwambie mama nimepiga simu dukani. Mwambie Nyambura mdogo anasema asante kwa kuonwa.

Ni mimi mdogo wako,
Wanjiku