Mtoto Wetu Kahamishwa Wodi, Mimi Nasema Arudishwe

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, ingawa kwa kawaida watu ndio huniomba mimi, maana mji mzima huu hakuna nyama inayoliwa wala chanjo inayochomwa bila mkono wangu kupita, mimi ndiye fundi wa majokofu wanayemwita Fundi Baridi, shule niliishia darasa la sita lakini wahandisi wawili wenye vyeti wamewahi kunishikia tochi huku wakiandika ninayosema.

Jambo lenyewe ni hili. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alijifungua mtoto njiti wa miezi saba, kilo moja na kidogo, akalazwa chumba cha uangalizi maalumu cha hospitali kubwa, ndani ya kisanduku cha joto, mpira puani, waya kifuani, na juu yake skrini yenye namba, ya kijani mapigo ya moyo, ya bluu hewa, wazazi wakawa wanaziogopa, nikawaambia mashine ni mashine, nikazisoma zile namba siku moja nikazielewa, nikawafundisha, nikawapangia zamu, mama asubuhi, baba jioni, kila nusu saa andika kwenye daftari. Wiki tano tumeishi hivyo. Namba ya bluu ikishuka, mimi ndiye niliyemwita nesi kabla king'ora hakijalia, na mtoto yule yuko hai kwa sababu hiyo, wanaobisha wabishe.

Sasa wiki iliyopita tunaambiwa mtoto anapumua mwenyewe, anahamishiwa wodi ya watoto wachanga ya hospitali ndogo karibu na nyumbani, tufurahi. Tufurahie nini? Kule nesi mmoja watoto wawili, huku nesi mmoja watoto wanane, kule maziwa kila saa mbili, huku kila saa tatu, kule hakuna kumgusa bila ruhusa, huku mama anaambiwa amfunge kifuani ngozi kwa ngozi kutwa nzima na kumnywesha kwa kikombe mwenyewe. Siku ya tatu wakachomoa hata kimashine cha mguuni kinachopima hewa. Mpwa wangu akabaki anautazama ukuta pale ambapo skrini ingekuwa, maziwa yakamkauka, na baba mtoto akawa anamwekea mtoto kidole puani kila dakika aone kama pumzi ipo.

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Nikaleta kipimajoto changu, kile cha chumba cha baridi, nikakipangusa kwa spiriti, nikakitundika kwenye kitanda cha mtoto. Nesi mkuu akakiona.

"Baba, hiki nini?"

"Usalama."

"Kimetoka wapi?"

"Buchani. Ila kinapima vizuri kuliko vyenu."

"Huyu ni mtoto, baba, si paja la ng'ombe. Toka."

Nikamwambia sitoki, nikasimama mlangoni nikatangaza kwamba mtoto wetu hashushwi daraja na mtu. Nilijua mpwa wangu ataniunga mkono. Akanyanyuka, mtoto kifuani, akaniambia mbele ya akina mama wote, "Mjomba, ulinifundisha kusoma skrini, nashukuru. Sasa namsoma mtoto mwenyewe. Nenda nyumbani." Kumbe maziwa yalikuwa yameanza kurudi tangu asubuhi, na hakuniambia.

Lakini baba mtoto yuko upande wangu. Ijumaa atasaini kumtoa kwa hiari, na mimi nimeshapata gari la rafiki yangu lenye kiyoyozi, tunamrudisha hospitali kubwa, wakimwona mlangoni hawatamfukuza. Mama mtoto kasema tukijaribu tutamkanyaga yeye kwanza. Nipe maneno ya kumlainisha.

Na sijashindwa, ieleweke. Ila kuna kitu sijamwambia mtu. Juzi karakanani waliniuliza mtoto anafanana na nani, nikajibu haraka kwamba anafanana na mimi, wakacheka. Mshauri, ukweli ni kwamba sijui. Wiki zote zile nilikuwa natazama skrini, uso wake sijautazama.

Fundi Baridi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, maneno ya kumlainisha mpwa wako sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Gari lirudishe kwa mwenyewe. Mtoto njiti habebwi kama friji la mteja. Pumzi ikimkatika njiani, nani kati yenu ana oksijeni? Nani anajua la kufanya? Kiyoyozi chako ndicho kitakachomgandisha. Na kule mnakomrudisha, kitanda chake sasa kina mtoto mgonjwa kuliko yeye. Wewe unaita kushushwa daraja, wenye kazi yao wanaita kupona.

Hofu yenu naielewa, tena baba mtoto simlaumu hata kidogo. Mtu umeishi wiki tano kwa namba, unanyang'anywa namba kwa siku moja, lazima uone giza. Walipaswa kuwaandaa, na hapo mna haki ya kudai. Basi daini vya maana. Mama na baba waende pamoja kwa nesi mkuu, bila wewe, wamuulize: dalili gani tukiiona tukuite mbio, midomo kubadilika rangi, kifua kubonyea, kukataa maziwa? Ukiwa kwa mtoto mwingine, tunamwita nani? Afikishe uzito gani ndipo aende nyumbani? Wasiondoke mpaka wajibiwe.

Halafu baba naye avue shati afungiwe mtoto kifuani. Hiyo pumzi anayoitafuta kwa kidole ataisikia kwenye ngozi yake mwenyewe.

Na wewe, kamwombe radhi nesi. Wakikuruhusu kuingia, osha mikono mpaka kwenye viwiko, kaa, mtazame mtoto. Usiandike kitu.

Leo ni Jumatano. Baba mtoto umemjaza maneno wewe, na wewe ndiye utakayeyatoa. Mpigie sasa hivi, kabla hujalikunja gazeti, umwambie, "Nilikosea, usisaini." Ishia hapo. Usiongeze hadithi.