Mkono wa Shemeji Yako Ndani ya Nguzo

Shoga, uko wapi? Shemeji yako amenivua nguo mchana kweupe!

Si unajua ule mchezo wake mpya, wa kutafuta vikopo vilivyofichwa mitaani na wachezaji wengine, kwa ramani ya simu, bila kuonekana na watu? Leo ndiyo mara ya kwanza tumetoka familia nzima. Akaingiza mkono kwenye tundu la nguzo ya chuma, mbele ya benki. Mkono ukagoma kutoka. UKAGOMA!

Mlinzi huyo, na rungu lake. "Unatafuta nini humo?"

"Kikopo."

"Cha nani?"

"Simjui."

"Kina nini ndani?"

"Sijui."

Kila akisema ukweli anazidi kuzama! Jasho linamtiririka, watu wanajaa. Binti naye: "Baba, si ulisema tusionekane?" Wee! Mlinzi akashika redio aite polisi.

Nikamwonyesha ramani ya mchezo, nusura nipige magoti. Akaguna, akacheka. Watu wa saluni ya jirani wakatuletea sabuni, mlinzi mwenyewe akauvuta mkono. Ukatoka, umevimba kama mto wa kulalia! Kikopo hakuna.

Nikashusha pumzi. Kumbe binti anachungulia simu: "Baba, ni nguzo ile nyingine."

Shoga, shemeji yako anakunja tena mkono wa shati.