Mashine ya Kupaa, Bure

Jumatatu, 3 Juni

Kochi limetoka. Kochi langu la sebuleni sasa liko uani linapigwa jua, na mahali pake pamekaa Mashine. Mwenzangu, fundi friji niliyeolewa naye, anasema ni kwa muda tu. Friji za watu anazopaswa kuzitengeneza zimepangwa ukumbini kama wagonjwa wanaomsubiri daktari, na daktari yuko sebuleni anafunga safari ya angani kwa mota alizozing'oa kwenye marehemu friji.

Nijieleze hapa vizuri, maana nikimweleza mtu kwa mdomo naanza kucheka. Mashine ina magurudumu mawili. Moja linazunguka huku, jingine kule. Kila moja lina vyuma vizito vinavyochomoka upande mmoja na kurudi ndani upande wa pili. Basi, kwa maelezo yake, hapo inajisukuma yenyewe bila kusukuma kitu chochote. Haina moshi nyuma, haina panga la kukata hewa. Nikamwuliza, yaani ni kama mtu aliyekaa ndani ya beseni, akashika kingo zake akajinyanyua? Akaniangalia kwa huruma. Akasema ndiyo, ila beseni lenye akili.

Juu yake kuna kiti cha abiria, cha waya za rafu ya friji. Abiria gani? Hasemi. Lakini siku hizi ananitazama sana, kama anayekadiria uzito.

Jumatano, 5 Juni

Makubwa leo! Mwalimu alipita. Huyu ni mstaafu wa nyumba ya pili, aliyemfundisha mwenzangu fizikia kidato cha tatu na mpaka leo hajaacha kumsahihisha. Akasimama dirishani, akaitazama Mashine, akacheka kwa pua. Akasema hakuna kitu kinachokwenda bila kusukuma kingine. Ukitembea, unaisukuma ardhi. Ukiogelea, unayasukuma maji. Mwenzangu akatoka nje na bisibisi mkononi. Wakabishana barabarani mpaka kinyozi akamwacha mteja na nusu ya kichwa, akaja kusikiliza.

Mwisho wake kiapo! Mbele ya watu wote. Mashine itaonyeshwa Jumamosi. Kama mpaka mwezi huu unaisha haijakwenda bila kusukuma kitu, mwenzangu ataifungua nati moja moja kwa mikono yake, atarudi kwenye friji, na habari za anga hazitatajwa tena nyumbani kwetu.

Nilikuwa mlangoni. Moyoni nikapiga kigelegele. Kochi langu!

Baadaye nikamkuta anaifuta vumbi kwa shati lake jema, lile la kutokea. Nilitaka kugomba. Sijui kwa nini sikugomba.

Ijumaa, 7 Juni

Bango. Mume akiwa mvumbuzi na mke mchora mabango, kazi ya kutangaza ni ya nani? Mimi. Alinipa maneno yake kwenye karatasi: MASHINE YA KUPAA KWENDA ANGANI BILA KUSUKUMA ARDHI, HEWA WALA CHOCHOTE, KWA KANUNI MPYA KABISA. Na ubao wenyewe saizi ya sinia! Nikamwambia mpita njia hana nafasi ya kusoma hotuba. Nikakata. Nikakata tena.

MASHINE YA KUPAA. JUMAMOSI SAA NNE. BURE.

Nyekundu juu ya manjano. Herufi zimekaa, mkono wangu haujapata kunitia aibu. Nikalisimamisha kwenye lango la soko la samaki, maana pale ndipo watu wanapopita zaidi. Mwalimu alilisoma mara mbili. Akasema neno la mwisho ndilo lenye ukweli. Nikajitia sijasikia.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie ndoo.

Saa tatu na nusu uani palikuwa pamejaa. Mwenzangu kwa furaha akabadilisha shati. Nikachungulia. Kina mama tupu, na kila mmoja ana ndoo. Nikadhani labda wamepita kutoka kuteka maji. Lakini maji hayanuki vile.

Tukaisogeza Mashine uani. Mwenzangu akatoa hotuba yote niliyoikata kwenye bango, na nyingine juu yake. Kina mama wakasikiliza kwa adabu. Mwalimu alikuwa mbele, kwenye kochi langu, miguu ameikunja. Swichi! Mashine ikanguruma, ikatetemeka, madirisha yakatetemeka, meno yangu yakatetemeka. Kupaa haikupaa. Hata wembe usingepita chini yake. Ilijikokota tu chini kwa mitetemo, pole pole, mpaka ikafika kwenye beseni la nguo zangu, ikaliangusha.

Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Mwenzangu akawa anasema subirini, subirini ipate moto.

Hapo akasimama Mwenyekiti. Ndiye mwenyekiti wa wauza samaki, mwanamke mpana, sauti yake inavuka barabara mbili. Hakuwa anacheka. Akauliza kwa upole kabisa:

"Shemeji, samaki tunawaweka wapi?"

Mwenzangu akauliza samaki gani.

"Si umesema mashine ya kupaa? Sisi mikono imekwisha kwa kupaa samaki. Tumeleta magamba yetu."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Kupaa! Neno moja, kuruka angani na kutoa samaki magamba, na mimi ndiye niliyekata mengine yote. Mwenzangu akanigeukia.

Mwenyekiti hakungoja jibu. Akaona waya za juu, akamimina ndoo nzima kwenye kiti cha abiria na kukifunika kwa sinia. Na Mashine ilikuwa bado inatetemeka. Ndani ya dakika chache magamba yakaruka kama mvua ya mawe. Yakamjaa Mwalimu kwenye miwani, yakanijaa mimi kwenye nywele. Samaki wakatoka weupe, laini, safi kuliko kisu kinavyofanya. Kina mama walishangilia mpaka majirani wa mbali wakaja kuuliza nani anaolewa.

Abiria wake wa kwanza. Samaki ishirini na kitu, wote wamekufa.

Jumapili, 9 Juni

Amelala ameuelekea ukuta. Chai imepoa mara mbili. Nimetoa magamba kwenye mashuka. Yametoka wapi hata kwenye mashuka?

Jumanne, 11 Juni

Mwenyekiti alikuja na mkokoteni. Anaomba Mashine ikakae sokoni. Nilitegemea mwenzangu awe mbogo. Wapi! Akasema kwa sauti ya mgonjwa: wachukue tu, kiapo kinahusu anga, hakihusu kitoweo. Mwisho wa mwezi ataifungua, mpaka hapo iwapaie samaki wao. Akashika upande mmoja, akasaidia kuipakia. Akaifunga kamba vizuri ili isiumie njiani.

Kochi limerudi sebuleni. Nimelikalia jioni nzima. Sebule imekuwa kubwa kupita kiasi. Yeye anatengeneza friji ukumbini, hapigi hata mluzi. Nimeishi na huyu mtu anaongea na bisibisi tangu tuoane — na leo nyumba kimya. Nimechukia. Sijui nimemchukia nani.

Alhamisi, 13 Juni

Mwenyekiti amekuja na malalamiko!

Alikaa kwenye kochi, akanywa maji, akaanza kwa mbali. Mashine nzuri, hawana neno nayo. Ila ina tabia mbaya.

"Haitulii, shemeji. Tunaiweka ukutani, tukigeuka iko mlangoni. Jana imefika mpaka kwa muuza nyanya."

Mwenzangu aliweka chini bisibisi. Akauliza kama inakwenda kila upande au upande mmoja tu. Upande mmoja tu, mama akasema, kama mtu anayejua anakokwenda. Na wakiijaza samaki? Ndiyo kabisa inashika njia.

Uso wake! Nimeuona uso ule mara moja tu kabla ya leo, na siku hiyo nilikuwa nimevaa gauni la harusi. Akatoka na ndala za miguu tofauti, moja yake moja yangu, kwenda kwa Mwalimu. Nikamfuata. Sikutaka kukosa.

Mwalimu hakutetereka. Akatoa simu yake, akaiweka mezani, akaniomba niipigie. Simu ikatetemeka, ikatambaa taratibu kuelekea kikombe. Akasema: je, na hii inakwenda angani? Inatambaa kwa sababu inaisugua meza. Iondolee meza, hamna kitu. Lazima nikiri, lilinichoma. Maana ni kweli, nimeona kwa macho yangu.

Mwenzangu akasema sawa, basi tuiondolee meza. Tuining'inize.

Ijumaa, 14 Juni

Makubaliano yamepatikana, na yana pande tatu kama jiko la mafiga. Kesho asubuhi Mashine itaning'inizwa kwa kamba kwenye boriti ya soko, isiguse kitu. Chini yake utachorwa mstari. Ikibembea huku na huku, si kitu, Mwalimu anasema hata jiwe linabembea. Lakini ikijisogeza upande mmoja ikabaki huko, ilhali haina cha kusukuma, basi Mwalimu atavua kofia mbele ya soko zima. Isiposogea, hatutasubiri mwisho wa mwezi. Mwenyekiti amekwisha mwita fundi mwashi. Atamwaga saruji, ataikaza Mashine kwa bolti kwenye sakafu, isitembee tena, ipae samaki mpaka kiama.

Mwenzangu amekubali yote. Kula hakuli. Ameniuliza tu kama ikifungwa kwenye saruji nitakuwa naipitia kuitazama. Nikamwambia aache upuuzi. Kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika huku nimekaa juu ya ndoo, nyuma ya meza ya pweza. Wamenipa dakika chache rangi ya mstari ikauke.

Mashine inaning'inia. Imejaa samaki, maana Mwenyekiti amesema hawezi kusimamisha kazi ya watu kwa ajili ya fizikia. Fundi mwashi kashika koleo, saruji imekwisha changanywa. Soko zima limesimama. Kinyozi amekuja na mteja wake, shuka bado shingoni.

Palizuka ubishi, nani atautazama mstari. Mwalimu hamwamini mwenzangu. Kina mama hawamwamini Mwalimu, wanasema anaona anachotaka. Ndipo mwenzangu akaninyoshea kidole mimi. Akasema mbele ya watu wote:

"Awe huyu. Huyu hajawahi kuniamini hata siku moja. Akisema imekwenda, imekwenda. Akisema haikwenda, mwageni saruji."

Na Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Akasema ni kweli, dada huyu ana akili timamu.

Wakacheka. Nikacheka na mimi. Mstari nimeuchora mwenyewe, mweupe, chini ya ncha ya Mashine. Mwalimu aliinama kuukagua, lakini miwani yake ina magamba tangu aingie, akasema umenyooka. Umenyooka, ndiyo. Mimi sichori kitu kilichopinda.

Ila nimeutazama sasa hivi kutoka hapa kwenye ndoo. Nimeutazama tena. Haupo chini ya ncha. Umekaa pembeni kidogo, kama unene wa kidole. Na si pembeni upande wowote tu — ni upande unaomfaa mwenzangu, Mashine ionekane imesogea hata ikitulia.

Mkono wangu haujapata kukosea. Naapa sikukusudia. Nadhani sikukusudia.

Rangi bado mbichi, kitambaa ninacho, kufuta ni kazi ya sekunde. Mwenyekiti ananiita, mdogo wangu, njoo basi, samaki wanaharibika. Mwenzangu ameshika swichi. Hamtazami Mwalimu, haitazami Mashine. Ananitazama mimi, na sasa nakwenda, kitambaa nimekiacha juu ya ndoo.