Mjomba, Nimeufuta Ugonjwa wa Koo

Mjomba, shikamoo.

Ni mimi Kabula, mtoto wa dada yako, niliyekuwa nikiitikia nyimbo zako. Siku hizi nakaa Nyahanga, hapa Kahama. Magoti yananisumbua, ila sauti bado ipo.

Umeandikwa, Mjomba. Kuna kamusi elezo kwenye mtandao, mtu yeyote anaingia kwa simu yake na kuandika anachokijua. Kijana mmoja mpenda ngoma aliandika habari zako: mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za Kisukuma, mzaliwa wa vijiji vya Ushirombo, aliyeacha kuimba miaka ya tisini kwa ugonjwa wa koo. Ugonjwa huo ulitoka kwangu. Aliniuliza kwa nini uliacha, nikamjibu kama ulivyoniagiza kabla hujafa: "Waambie koo lilikufa." Nimewaambia watu hivyo miaka yote hii.

Chini yake aliandika kwamba wimbo wako uliopendwa kuliko yote ni ule wa jicho la kaa la moto, "wimbo wa utani."

Mwezi uliopita Minza alikuja kwangu. Ana wajukuu sasa, na mmoja wao alimsomea hayo kwenye simu. Nilimpa kiti, akakataa. Alisimama mlangoni ameshika kanga yake kifuani, akaniuliza, "Kabula, mama yangu ndiye utani?"

Nilikuwepo ulipoutunga, Mjomba. Tulikuwa tumeshindwa mashindano ya ngoma baada ya mavuno, na Mama Minza alitucheka mbele za watu, akasema ngoma yako inalia kama debe. Alikuwa mjane mwenye mdomo, nawe ulikuwa na mdomo zaidi. Ukaimba kwamba kisimani kuna jicho la kaa la moto, likimsalimia ndama, ndama haamki. Tulicheka mpaka tukashindwa kuitikia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi, maana kuni zilikuwa mbali. Macho ya mama yangu, dada yako wa tumbo moja, yalikuwa vilevile. Hakuna aliyewaza hilo.

Watoto wakawa wanamwimbia kisimani. Kisha ng'ombe wakaanza kufa, na watu wazima nao wakauimba, bila kucheka.

Walimfuata shambani mchana, anang'oa karanga. Mimi nilikuwa shamba la pili. Niliwasikia kabla sijawaona, na walichokuwa wakiimba... Minza alikimbilia kwenye mtama. Mimi nililala chini katikati ya mihogo, nikaziba masikio. Sikupiga hata yowe. Hilo sikukuambia.

Jioni ile uliponiuliza kama ni kweli waliimba wimbo wako, nilikuitikia kwa kichwa tu. Ukakaa chini palepale, kwenye vumbi. Wiki haikuisha ukaenda Bulyanhulu kwa wachimbaji wadogo. Mtu uliyewaliza watu kwa sauti, ukawa unashuka shimoni na kupanda bila kusema na yeyote. Walikurudisha kifua kimejaa vumbi la mawe, ukafia mikononi mwa mama yangu.

Minza alipoondoka nilichukua simu nikaufuta ugonjwa wa koo. Nikaandika kwamba uliacha kuimba kwa sababu wimbo wako ulimfanya mjane mmoja aonekane mchawi, na watu wakamuua huku wakiuimba. Kesho yake maneno yangu hayakuwepo. Wasimamizi wa kamusi walitaka chanzo. Chanzo! Nikaenda redioni hapa mjini, nikayasema yote kwa jina langu, hata ya kulala kwenye mihogo. Wao wakayaandika na kuyachapisha kwenye tovuti yao. Nikayarudisha kwenye kamusi pamoja na chanzo hicho, ndipo yakakaa.

Mwanao Masanja alinipigia simu. Alisema nimekufukua. Binti yake ameolewa majuzi, nami sikualikwa.

Nilikwenda kwa Minza nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hujaandika jina lake."

Ni kweli. Nilikuwa nimeandika "mjane mmoja." Maisha yetu yote tulimwita Mama Minza, na kwenye wimbo hukumpa jina kabisa. Minza alinitajia polepole, nami nikiandika herufi moja moja: Kwandu, binti Shija.

Nilitamani kuongeza kwamba ulimwomba Minza msamaha. Hukuomba, kwa hiyo sikuandika. Wala yeye hajasema kama amesamehe, wewe au mimi, nami sijathubutu kumuuliza.

Pumzika, Mjomba, kama unaweza. Atakayeniuliza habari zako nitamsifia sauti yako, maana ilistahili sifa. Kisha nitamsimulia habari za Kwandu, mpaka pale kwenye karanga. Nakuahidi sitaishia njiani tena.

Mpwa wako,
Kabula