Mkate wa Fernando

Alhamisi, 15 Mei 2025

Nimekubali kwenda Mtwara. Asia amepiga kelele mpaka mlinzi wa hosteli akaja kugonga mlango. Mwaka mzima ananibembeleza twende kwao Rahaleo, nami kila mara nina sababu — kusoma, kufua, kichwa. Leo nimesema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Anadhani bahari ndiyo inayoniita.

Ni mkate.

Juzi alirudi kutoka kwao na mfuko wa vyakula. Korosho, muhogo mkavu, na mkate mmoja mdogo, mgumu nje, umechanwa mgongoni. Nilipoumega tu nikajua. Chumvi ile! Hapa Dar mikate yote ni mitamu kama keki. Nikamwuliza, kama mtu asiyejali, umetoka wapi. Mikindani, akasema. Kuna mtu wa Msumbiji anaoka kwa kuni, watu wanapanga foleni. Anaitwa Fernando. Fernando wa mikate.

Hivyohivyo walivyomwita baba kule kwetu Palma, Msumbiji. Fernando wa mikate.

Sikulia. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba, nikasimama nikiangalia maji mpaka mtu akauliza nje kama nimekufa.

Mama sijamwambia. Mwaka juzi alisikia baba kaonekana Nampula. Akauza cherehani, akaenda. Aliyemkuta alikuwa mzee mwingine kabisa, hata hafanani. Mama alirudi Pemba, ile Pemba yetu ya Msumbiji, kanyauka, na tangu hapo hatujataja. Safari hii nitaona mimi kwanza. Kisha nitampigia, nitampa baba simu, aseme mwenyewe.

Ijumaa, 16 Mei

Basi limeondoka alfajiri. Pendo, mwenzetu wa chumba, mtu wa Mwanza, ameongea kutoka Mbagala mpaka Kibiti bila kumeza mate. Halafu akafungua begi langu kutafuta chaja — akalikuta shati.

"La kiume! Jamani, Nilza ana bwana Mtwara! Ndiyo maana!"

Akalipunga juu. Basi zima likacheka. Konda akasema kama bwana mwenyewe hajatokea stendi, yeye yupo na saizi yake ni hiyohiyo. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Nililinunua jana Kariakoo. Nilisimama dukani muda mrefu kwa sababu sikujua saizi. Baba alikuwa mnene, na kifua cha mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Lakini sasa? Miaka minne. Huenda amekonda. Nikachukua kubwa. Mwenye duka akasema, "Chukua tu, dada. Likimzidi, atanenepa alijaze."

Kuanzia Lindi sikuweza kula. Niliwaza siku ile. Risasi zilipoanza mjini, baba alitufikisha mimi na mama ufukweni, akatupakia kwenye boti, kisha akasema anarudi kutoa mikate. Iko ndani ya tanuri, alisema, na watu watakuwa njiani na njaa. Mama akamwita mjinga mbele za watu. Ndilo neno la mwisho alilomwambia. Boti ikaondoka. Tulipita mdomo wa Ruvuma, maji ya mto yakiwa mekundu ndani ya bahari, tukashuka upande huu wa Tanzania bila viatu. Baba hakuja. Hakuja siku hiyo, wala wiki hiyo. Mama alirudi kwetu baadaye, kwa ndugu zake Pemba. Mimi nilipata shule huku, kisha chuo. Nilianza kuandika shajara kwa Kiswahili ili nikizoee. Sasa hata huzuni inanijia kwa Kiswahili.

Tumefika jioni. Mama yake Asia ametupokea kwa ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho, akasema wasomi siku hizi wanajua chipsi tu, leo tutakula chakula chenye akili. Pendo akaomba aongezewe. Kisha mama akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu wa ng'ambo ya mto, wazazi wapo?"

"Wapo," nikasema.

Wapo. Wote wawili. Neno fupi — na lilivyonikaa mdomoni! Miaka yote hii nilikuwa nasema mama yupo.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya makelele. Asia alitaka tuone kila kitu, na kila kitu tukakipiga picha. Sokoni Pendo alikutana na ming'oko, vile vizizi vyembamba vya porini vinavyochemshwa na chumvi. Akavishika kwa ncha za vidole. Hii ni kamba au chakula? Muuzaji, mama mmoja wa Kimakonde, akamwuliza katokea wapi. Mwanza. Aa! Basi samahani, mama akasema, nyie samaki wenu hana chumvi, ndiyo maana na nyie hamna haya. Pendo alicheka mpaka akakaa chini. Akala fungu zima.

Ufukweni Shangani waliogelea. Mimi nilikaa mchangani nikilinda viatu. Kusini kule, nyuma ya ncha ya mwisho ya nchi kavu, ndiko kwetu. Asia alirudi akinidondoshea maji, akauliza mbona nina sura ya mtihani. Nikasema nina njaa. Nataka ule mkate wa Mikindani.

Bajaji ikatupeleka. Mikindani kumepoa, nyumba za mawe zenye milango mikubwa, nusu zimebomoka, nusu zina nguo zimeanikwa. Chini ya ukuta mmoja anakaa bibi anayeuza mikate ndani ya beseni lililofunikwa kanga. Asia akamwamkia kwa jina, Bi Mwanakombo.

Nilinunua mmoja. Sikuuma kwanza. Niliugeuza.

Baba, kila alfajiri, akitoa mkate wa kwanza alikuwa anaugeuza hivyo, anaugonga tumboni kwa kidole: ngo, ngo. Ukilia kama mlango, umeiva. "Hodi!" anasema. Mimi, juu ya gunia la unga: "Karibu!" Ndipo anaumega, na kipande cha kwanza changu. Nisipojibu, haumegi. Siku moja nilinuna nikakataa kujibu. Wateja wamejaa mlangoni, yeye amesimama na mkate wake, hana haraka, mpaka nikacheka mwenyewe.

Nikauliza mwokaji yuko wapi. Bi Mwanakombo akasema leo hayupo, kaenda kufuata kuni, kesho anaoka mapema kwa ajili ya watu wa kanisani.

"Unamtakia nini Fernando wetu?"

"Ni baba yangu."

Lilinitoka tu. Pendo akaacha kutafuna. Bibi akanitazama juu mpaka chini, kisha akacheka bila meno.

"Babako! Basi alikuzaa angali anatambaa."

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Watu wa pwani na utani wao! Nikapenda hata utani huo. Baba yangu amekaa mahali ambapo watu wanamtania.

Pendo alinikalia kooni njia nzima: baba gani, tangu lini. Nikamwambia nilikuwa nafanya mzaha. Kesho asubuhi. Nimelipiga shati pasi.

Jumapili, 18 Mei

Naandika barazani, Mikindani, nyuma ya nyumba ya mawe. Asia yuko pembeni yangu. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi.

Tulikuja wawili tu. Pendo tulimwacha amelala. Kwenye bajaji nilimwambia Asia kila kitu, akanishika mkono akaanza kulia. Mbona hukusema, Nilza? Ningeuliza vizuri! Yeye hajawahi kumwona huyo Fernando, mama yake ndiye huagiza mikate.

Uani kulikuwa na tanuri la udongo. Mdomo wake mdogo, mgongo wake wa kichuguu — tanuri la baba. Hakuna fundi mwingine anayejenga hivyo. Foleni ya watu wenye nguo za kanisani. Na mtu ameinama akisukuma kuni, mgongo kwetu, kofia ya ukili kichwani. Ile kofia ya baba. Miguu yangu ilisimama yenyewe.

Akageuka. Helder!

Helder mtoto wa Shangazi Amelia, dada yake baba, ambao sikuwa nimewaona tangu Palma. Tulilingana, tuliogeshwa beseni moja, alikuwa anamsaidia baba kukanda. Nilimrukia. Nilifurahi — naandika hili kwa sababu ni kweli, nilifurahi kama mwendawazimu, kwa sababu Helder akiwepo baba naye yupo.

"Baba yuko wapi? Bado yuko ndani?"

Helder akaweka kuni chini. Aliangalia mikono yake, nyeupe kwa unga mpaka viwikoni. Mtu kwenye foleni akaita, "Fernando, tutachelewa misa!"

Na Helder akasema, "Nakuja."

Akaitika. Jina la baba limeitwa, na Helder akaitika.

Kwetu hata mtoto mdogo anajua. Mtu mzima akifa, jina lake haliachwi chini. Wazee wanakaa, unga wa mtama unamwagwa, na mtoto wa dada yake anakalishwa mkekani na kupewa jina. Jina, kazi, kofia. Hata watoto wa marehemu huwa wake. Tangu siku hiyo yeye ndiye. Nimelijua hilo kabla sijajua kusoma. Na nilipoambiwa kuna Fernando anayeoka mikate, sikuliwaza hata mara moja. Nilipiga shati pasi.

Shangazi Amelia akatoka ndani. Amezeeka. Hakupiga kelele, hakunikumbatia. Alisimama mlangoni.

"Mwanangu. Msalimie kwanza, ndipo tuongee."

"Nimsalimie nani?"

"Babako."

Alilisema kama mtu anayempa mgonjwa dawa chungu, bila ukali, na bila nafasi ya kuikataa.

Hapohapo niliketi chini, mbele ya foleni, na nguo yangu nzuri.

Yohana, jirani yetu wa Palma, ndiye aliyeleta habari, Shangazi akasema, mwezi Januari mwaka huu. Siku zile za kukimbia alikuwa na baba njiani karibu na Kionga. Baba alikuwa na gunia la mikate mgongoni, anawagawia waliokimbia. Alipigwa risasi asubuhi. Yohana alimzika kwa mikono yake chini ya mkorosho, kisha akapotelea Malawi, hakuwa na namna ya kutuambia. Aliporudi, wazee wakakaa. Ilikuwa Februari.

Februari nilikuwa kwenye mitihani.

"Mlinificha," nikasema.

"Mamako alisema usiguswe mpaka umalize. Ukamaliza. Mimi nikamsubiri yeye aseme, yeye akanisubiri mimi." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ulifaulu?"

"Nilifaulu."

"Haya."

Haya! Wakati unga unamwagwa kwa ajili ya baba yangu, mimi nilikuwa nazidisha na kugawanya, na nikiamini nina bahati kwa sababu maswali yalikuwa mepesi.

Nilimpigia mama. Nilitaka kupiga kelele. Hakunipa nafasi, alijua nilipo kwa sauti tu. Akalia, nikamwacha alie. Kisha akanieleza jambo ambalo sijui nilifanye nini. Siku Helder alipopewa jina, mama alisafiri kuja, akapiga magoti mbele yake, akaomba msamaha kwa lile neno la ufukweni. Mjinga. Helder akamjibu: "Yamekwisha, mama Nilza." Baba alikuwa akimwita hivyo, mama Nilza.

"Tangu siku ile nalala," mama akasema. "Umeshamwamkia?"

Nikasema chaji inakwisha. Nilikata.

Mama amesamehewa na kijana niliyekuwa namshinda kupanda miti. Na analala. Ningecheka kama ningesoma habari hii mahali pengine. Lakini namjua mama, najua miaka yake ya kukaa kitandani na macho wazi. Hakudanganywa. Alimwomba Fernando, Fernando akamjibu. Na mimi nikimwamkia, baba amekufa. Nisipomwamkia — amekufa vilevile, ila nitakuwa wa mwisho kumwacha.

Helder alikuja hapa barazani mara moja. Alichuchumaa mbali kidogo. Akasema polepole, kwa lugha ya nyumbani, hakuliomba jina. Walimwita tu, wakamkalisha mkekani. Alilia mpaka wanamaliza. Kuna siku watu humwita njiani naye hugeuka kumtafuta mjomba. Kisha akasema unga umeumuka, akaondoka.

Mfuko wa shati uko miguuni pangu. Shangazi ameuona, hajauliza. Kwa Helder litakuwa kubwa mno.

Sasa amefungua mdomo wa tanuri. Harufu imejaa uani. Siinui kichwa, naandika, lakini namwona kwa pembe ya jicho. Ametoa mkate wa kwanza. Bi Mwanakombo yuko na beseni lake, amenyoosha mikono aupokee. Amempita.

Anakuja huku. Foleni imempisha.

Ameugeuza. Ngo, ngo.

"Hodi," amesema.

Alijuaje? Lakini alikuwepo, alfajiri zote zile, nyuma ya gunia langu, akisubiri kipande cha pili.

Asia ananigusa bega. Shangazi ameushika mlango. Mkate unafuka moshi, lazima unamchoma vidole. Haumegi. Amesimama tu, hana haraka —