Mashini ya hii nyumba imechoka

Charlène, sombe iko ku jiko, ipashe moto mbele ya Papa kurudi. Miye naenda Kamanyola kwa tonton, mujomba yetu.

Leo asubui niko naoga, sabuni mu macho, na weye unauliza ku mulango: "Yaya, sept fois huit, saba mara nane?" Nikajibu ovyo, cinquante-quatre, hamsini na ine, ukaandika bila kufikiri. Nikacheka, ukalia. Pole, mudogo wangu wa tumbo moja.

Papa alikataza mashini ya hesabu ili utumie kichwa. Sasa unatumia kichwa yangu, na imechoka.

~~Mashini nimeificha, usiitafute.~~ Iko nyuma ya ndoo ya bunga. Hesabu kwanza weye mwenyewe, kisha mashini ikuonyeshe fasi ulikosea. Kesho ku interro ya hesabu ku masomo hakuna mulango ya kuulizia.

Yaya yako, bado na sabuni mu macho