Faili la Daktari Msellem

Chokocho, 3 Machi 2021

Mwanangu Jecha,

Asalaam alaikum. Mie mzima, ila goti. Mkeo na watoto hawajambo? Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu husikilizwa na nyumba nzima.

Nasikia kazi yako huko Unguja ni kuunganisha mafaili ya wagonjwa, ili daktari wa popote aone yaliyoandikwa kwengine. Ingekuwapo siku ile, dada yako Mwanawema angekuwa hai. Pale zahanati kwa Msellem nilimpa kadi ya kituo chetu, imeandikwa wazi kuwa penisilini inamdhuru. Hakuifungua. "Karatasi za kwengine sizisomi," akasema, akamchoma sindano. Miaka yote hii namwona akipita, na moyo haujapoa.

Sasa kazeeka, maradhi hayamwishi, na sindano ile ile haipatani naye. Mkewe kanena arusini mbele ya watu. Faili lake liko huko Unguja alikoanzia kazi. Mwanangu, lake usiliunganishe. Sikuombi kingine.

Mamaako

Unguja, 20 Machi 2021

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti lipake mafuta ya karafuu, usipuuze.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Faili lake nimeliona. Namchukia kama unavyomchukia wewe. Jambo hili usiniandikie tena.

Mwanao,
Jecha

Chokocho, 9 Julai 2021

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepoa, Alhamdulillahi.

Hukuniambia ndiyo wala siyo, nikajua umekubali. Mwezi uliopita Msellem kalazwa Chake Chake, kifua kimembana, hajitambui. Nikafua buibui langu la msibani, nikenda kumtazama kabla hajafa.

Nikamkuta kakaa kitandani, anakunywa uji. Muuguzi akaniambia daktari alitaka kumchoma penisilini, akafungua kompyuta, faili la Unguja likamzuia. Nilikukasirikia, Jecha, palepale.

Msellem akanitambua, akageukia ukutani. Nikamwambia, "Wewe karatasi yako ya kwengine imesomwa. Aliyeileta ni kaka yake Mwanawema."

Akalia. Sikumpa pole.

Mkewe akanishukuru kwa kuja, akanisihi nisiwatupe. Na mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa hafukuzwi. Basi kila Ijumaa nakwenda nyumbani kwake na uji, nakaa mbele yake na kadi ya Mwanawema mapajani, simsemeshi. Hawezi kuinuka, wala hathubutu kumwambia mkewe anizuie, asije akaulizwa sababu.

Anapata nafuu. Muombee umri mrefu.

Mamaako